Barua kwa mwanangu: pale uliponyamaza kwenye somo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama mlangoni, bahasha bado iko mkononi. Mara ya pili nilimsomea mama yako. Ya tatu niliisoma peke yangu usiku, Biblia ikiwa wazi pembeni, maana swali lako si la kujibiwa harakaharaka.

Umeniuliza hivi: "Baba, kila mwaka mnasema Krismasi ni sikukuu ya tumaini. Tumaini gani? Mtoto mmoja alitoroshwa usiku, wengine wote wa Bethlehemu wakauawa. Mama zao waliimbiwa na malaika gani?" Ukaongeza kwamba ule mkesha wa mwaka jana, ulipopangiwa kusoma somo, hukuishia njiani kwa sababu ya mafua kama ulivyotuambia.

Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu kutoka mbele. Ulisoma vizuri habari ya Kaisari Augusto na amri yake, ukasoma habari ya Yusufu kupanda kutoka Nazareti mpaka mji wa Daudi. Ukafika penye maneno "siku zake za kuzaa zikatimia, akamzaa mwanawe, kifungua mimba," sauti ikakatika. Kidole chako kilibaki juu ya mstari. Kisha ukamsogezea Biblia yule msichana aliyesimama karibu nawe, akamalizia yeye. Watu walidhani pumzi imekuishia. Mimi niliona ni neno lipi lililokuzuia. Miezi minne tu kabla ya usiku ule wewe nawe ulikuwa na kifungua mimba wako, ila siku zake hazikutimia.

Kabla sijakujibu, nina deni la kulipa. Siku ile hospitalini niliingia chumbani nikakuta umelala ubavu, nikakushika bega nikasema, "Usilie, mama. Mungu atakupa mwingine." Ukageukia ukutani. Nilitoka pale nikidhani nimekufariji. Wiki chache baadaye nikaongeza lingine, kwamba Mungu ana makusudi yake. Maneno yote mawili nilikuwa nimewaambia wafiwa wengi kabla yako, tena kwa moyo safi. Nisamehe. Nimekuja kugundua kwamba mmoja wa waandishi wa habari hii ya Krismasi aliyakataa yote mawili, na mimi nimemsoma miaka yangu yote bila kumsikia.

Nianzie mbali kidogo. Hilo neno "tumaini" tunaloliandika kwenye kadi za Krismasi, ukilitafuta katika sura mbili za kwanza za Luka hulioni. Hata katika sura mbili za kwanza za Mathayo halimo. Kilichomo ni watu wanaongoja. Simeoni alikuwa "akiitarajia faraja ya Israeli". Ana, yule nabii mjane, alizungumza na watu waliokuwa wakitarajia ukombozi. Zakaria na Elisabeti walikuwa wamengoja mtoto mpaka wakazeeka. Luka anapofika hatimaye kuliweka neno la kutumaini vinywani mwa wafuasi wa Yesu, ni katika sura yake ya mwisho, kwenye njia ya Emau, na wanaolisema ni wanafunzi wawili waliokata tamaa: sisi tulikuwa tukitumaini. Walikuwa. Wanaongea kama watu wanaotoka mazikoni.

Kwa hiyo usijione mgeni. Wewe uliyeandika kwamba huna tena tumaini la kuleta kanisani, unaongea kama watu waliomo ndani ya Injili yenyewe.

Sasa nikupeleke Bethlehemu, lakini kabla ya hori na kabla ya wachungaji. Unajua ni wapi mji huo unatajwa mara ya kwanza katika Biblia? Ni Mwanzo 35, penye kaburi. Raheli alishikwa na uchungu wakiwa safarini, akazaa kwa shida, akafa. Roho yake ilipokuwa ikitoka alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akalibadilisha jina, akamwita Benyamini. Akamzika Raheli kando ya njia ya kwenda Efrathi, ndiyo Bethlehemu, akasimamisha nguzo juu ya kaburi. Tumezoea kuuita mji ule nyumba ya mkate, na kweli jina lake lina maana hiyo, lakini aliyeingia kwanza katika habari zake ni mwanamke aliyekufa akizaa.

Napatazama sana pale Yakobo alipobadilisha jina. Simlaumu, hakutaka mtoto abebe kilio cha mama yake maisha yote. Lakini Raheli alikuwa na haki ya jina lake. Wewe ulimpa mwanao jina, ukalitamka mara moja mbele yetu, na mimi nikalipita kama sikulisikia, nikidhani tusipolitaja litakuuma kidogo. Juzi nimefungua ile Biblia kubwa ya nyumbani, ukurasa wa mbele ambapo majina yenu yote yameandikwa na tarehe zake. Nimeliandika na lake, chini ya lako. Tarehe ni moja tu, nimeiandika.

Tuendelee. Mwanamke mwingine wa Bethlehemu ni Naomi. Alitoka pale na mume na wana wawili wakikimbia njaa, wakaenda Moabu, akawazika wote watatu huko. Alipokuwa akiwarudisha wakwe zake nyumbani kwao aliwaambia kwamba hata angesema analo tumaini, hata angepata mume usiku uleule na kuzaa wana, je, wangewangoja mpaka wakue? Katika Kiebrania neno alilotumia ni tikva. Alipofika Bethlehemu wanawake wakamshangaa, naye akawaambia wasimwite Naomi, wamwite Mara, mwenye uchungu. Alitoka amejaa, amerudishwa mtupu. Na kitabu kile hakimkemei. Hakuna mzee anayesimama kumwambia ajikaze. Anachopata ni mkwewe Ruthu, mgeni wa kabila lingine, aliyekataa kumwacha peke yake.

Neno hilo tikva lina jambo lingine ambalo nimelipenda tangu nilipolijua. Ndilo neno hilohilo linalotumika katika Yoshua 2 kwa ile kamba nyekundu ambayo Rahabu wa Yeriko aliifunga dirishani. Tumaini na kamba ni neno moja. Rahabu yule alikaa ndani ya nyumba iliyojengwa kwenye ukuta wa mji uliokuwa unakaribia kuanguka, na kitu alichokuwa nacho ni kamba imefungwa dirishani na ahadi ya wapelelezi wawili wa Israeli waliokwisha kuondoka. Sidhani kama alilala usingizi mzuri siku zile. Hakuna mahali tunaambiwa alijisikia vizuri. Tunaambiwa alifunga kamba.

Ukifungua Mathayo 1, ile orodha ndefu ya vizazi ambayo wasomaji wengi wanairuka, utawakuta wote wawili wamefuatana: Salmoni akamzaa Boazi kwa Rahabu, Boazi akamzaa Obedi kwa Ruthu. Na Obedi ndiye mtoto ambaye Naomi, yule aliyetaka aitwe Mara, alimchukua akamweka kifuani pake akawa mlezi wake. Hakuwarudisha wanawe kwa hilo. Maloni na Kilioni walibaki makaburini Moabu, na Obedi hakuwa "mwingine" wa kujaza nafasi yao. Natamani ningelijua hili kabla sijaingia katika chumba chako.

Sasa nifike kwenye swali lako hasa, wale watoto.

Wewe una hasira na Herode, na unayo haki. Huyu si mtu wa hadithi. Josephus, mwanahistoria Myahudi, ameandika jinsi alivyomuua mkewe Mariamne, akawaua wanawe Alexander na Aristobulus, na siku chache kabla ya kufa kwake mwenyewe, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, akamuua na Antipater. (Ndiyo sababu wanahistoria husema Yesu alizaliwa miaka kadhaa kabla ya mwaka tunaoanzia kuhesabu.) Mtu aliyewaua wa kwake kwa kuogopa kiti chake, watoto wa kijiji wangekuwa nini kwake? Na alikuwa karibu nao. Kutoka mashamba ya Bethlehemu unakiona kilima cha Herodioni, ngome aliyojijengea na kuipa jina lake, ambako Josephus anasema alizikwa. Wachungaji wanaokesha na makundi yao usiku ule walikuwa na ngome ile mbele ya macho yao. Malaika alipowaambia msiogope, walikuwa na sababu nyingi za kuogopa zaidi ya mwanga wa ghafla.

Mathayo anasimulia mauaji yale kwa sentensi chache, kisha anafanya mambo mawili ambayo nataka uyaone kwa macho yako. Fungua sura ya 2.

La kwanza. Mathayo anapenda sana neno "ili". Kila tukio analifunga kwa nabii. Mtoto alizaliwa na bikira, "ili litimie" neno. Walikimbilia Misri, "ili litimie" neno. Lakini akifika kwenye watoto wa Bethlehemu, mstari wa 17, anabadilisha. Anaandika, "Ndipo lilipotimia." Ndipo. "Ili" ameliondoa. Tena si tafsiri yetu ya Kiswahili tu, hata katika Kigiriki ndivyo alivyoandika. Hakuthubutu kusema watoto wale walikufa ili jambo fulani la Mungu litimie. Atafanya hivyo mara moja nyingine tu katika kitabu chake chote, sura ya 27, kwenye vile vipande vya fedha vya Yuda. Pale uovu wa mtu unapokuwa mtupu kabisa, Mathayo hamtwiki Mungu makusudi. Mimi nilikutwika. Nilikuja na "ili" yangu wakati Mathayo alikuwa ameiondoa zamani.

La pili. Maneno anayoyanukuu ni ya Yeremia 31: sauti imesikiwa Rama, Raheli anawalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako. Yeremia aliyasema katika siku za uhamisho, na Rama ni pale mateka walipokusanywa wamefungwa minyororo kabla ya kupelekwa Babeli. Nabii alimwona Raheli, amekufa karne nyingi, akilia kaburini kwa ajili yao. Sasa, mistari miwili tu chini yake, katika mstari wa 17, Yeremia anaendelea: "Tena liko tumaini." Ni tikva lilelile la Naomi, kamba ileile ya Rahabu. Na watoto wako watakuja tena, anaambiwa Raheli. Mathayo aliujua mstari ule. Msomaji Myahudi aliyemjua Yeremia aliujua. Ulikuwa pale, mistari miwili tu mbele, tayari kwa kunukuliwa, na ungemalizia habari yake vizuri.

Hakuunukuu. Alimwacha Raheli analia.

Nimekaa na jambo hili majuma mawili sasa. Mtu anayeandika Habari Njema, anayeamini kwa moyo wote kwamba tumaini la ulimwengu limezaliwa, anafika kwa mama waliofiwa na hawaambii nyamazeni. "Asikubali kufarijiwa" ameyaandika bila kuyasahihisha. Ukiuliza mama wale waliimbiwa na malaika gani, jibu langu ni kwamba hawakuimbiwa. Walichopewa katika Injili ni mahali pa kulilia, na kilio chao kimehifadhiwa ndani ya habari ya Krismasi yenyewe. Anayekitoa ili sikukuu ipendeze anaikata Biblia.

Basi tumaini liko wapi? Nakuambia ninavyoamini, si kwa kukuhubiria.

Wewe umesema mtoto mmoja alitoroshwa. Kweli, Yusufu aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake akaenda Misri. (Huyu Yusufu, katika Injili zote nne hakuna neno hata moja lililoandikwa kuwa amelisema. Anaota, anaamka, anafanya. Siku ile ningemuiga yeye, ningekaa kitini kimya nikakushika mkono.) Lakini mtoto yule hakuokolewa kwa namna unayoifikiri. Aliahirishiwa. Miaka thelathini na kitu baadaye askari wa mtawala mwingine walimpata, na mama yake alikuwa amesimama pale msalabani akiona. Simeoni alikwisha kumwambia Hekaluni, mtoto akiwa wa siku 40 hivi na wazazi wake wamekuja na sadaka ya maskini, ndege wawili: upanga utaingia moyoni mwako. Alitoka kuimba kwamba macho yake yameuona wokovu, kisha, bado yuko palepale, akamwambia mama kijana habari ya upanga. Mariamu naye alikuja kuwa Raheli.

Hiyo ndiyo maana ya Krismasi kwangu. Mungu hakukaa upande wa Misri, pale palipo salama. Alikwenda mahali wanapofanana, yeye na watoto wa Bethlehemu. Na kwa kuwa naamini kaburi lake lilifunguka, naamini ule mstari wa 17 wa Yeremia utasomwa siku moja kwa sauti, kwa Raheli mwenyewe, na kwako. Lakini sitakusomea mimi leo. Nimejifunza kwa Mathayo kwamba mtu anaweza kuujua na akanyamaza kwanza.

Mwishoni uliuliza kidogo kuzaliwa kule kulibadilisha nini chini ya Warumi. Usiku ule hakikubadilika kitu cha kuonekana. Augusto alibaki Kaisari. Mwaka 70 Yerusalemu uliteketezwa na jeshi la Tito, na wataalamu wengi wanaona Luka aliandika baada ya hapo. Kwa hiyo aliyeandika kwamba Ana aliwaambia habari waliotarajia ukombozi Yerusalemu huenda alijua kabisa mji ule sasa ni majivu. Hakuifuta sentensi.

Nimemtaja Ana tena, na sitaki nimpite, kwa sababu yeye ndiye ninayemwona nikikufikiria. Aliishi na mume miaka 7 tu tangu ubikira wake, kisha ujane, na Luka anataja miaka 84. Watoto hawatajwi. Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake, Luka anasema waziwazi. Kwa Ana hasemi hivyo. Anasema tu alitokea saa ileile, akamshukuru Mungu, akaanza kuwaambia waliokuwa wakingoja. Labda alimbeba, labda mikono yake ilibaki mitupu, nasi tunajua tu kwamba hakuachwa nje ya habari. Na alikuwa Hekaluni usiku na mchana miaka yote ile, mingi yake bila malaika wala nyota. Sijui kama ningeweza.

Huhitaji kuja kanisani mwaka huu ukiwa na furaha. Njoo umekasirika, au usije. Ukija ukakaa nyuma ukatoka kabla ya nyimbo, hakuna atakayekuuliza, nimezungumza na mama yako. Lile shali jeupe alilolifuma analo bado, amelikunja kwenye droo yake ya juu. Alitaka kuligawa, nikamwomba asubiri, kwa sababu ni lako na wewe ndiye utakayesema. Ukilitaka utalipata, na ukitaka libaki palepale litabaki.

Mchungaji aliniuliza nani asome Luka 2 kwenye mkesha. Nimemwambia nitasoma mimi. Nikifika kwenye kifungua mimba nitanyamaza kidogo, pale pale uliponyamaza wewe, kisha nitaendelea.

Baba yako